Mama ni Nani? Tunaanzia Kasulu na Kibondo

Kila tukizungumzia uzazi, mabibi harusi wetu hutuuliza: mke asiyeshika mimba anaweza kubebewa na mwanamke mwingine? Na aliyebeba akitia saini kwamba mtoto si wake, saini hiyo ina nguvu gani?

Wapenzi, leo tunaanzia mbali na bahari, kwenye milima ya Waha mkoani Kigoma. Wanawake wa huko walishakutana na swali la nani aliyezaa na nani aitwe mzazi, bila daktari yeyote kupandikiza kitu.

Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa, Warundi walivuka mpaka kwa maelfu. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, kwa Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya. Kila safari walikuwamo watoto waliopotezana na wazazi wao njiani, na wanawake wa kambini, nao hawana kitu, wakawapokea.

Walipewa malezi, hawakupewa uzazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 huyaita malezi ya kambo (kwetu mama wa kambo ni mke wa baba, msichanganye) na huyatenga na kuasili, ambako huamuliwa na Mahakama Kuu. Oktoba 1994 Mkutano wa The Hague nao ulitoa pendekezo juu ya watoto wakimbizi: wazazi watafutwe kwanza kabla ya mtoto kuasiliwa. Mama aliyekimbia risasi, mwenye njaa, anaweza kusema ndiyo kwa lolote.

Kwenye kubebewa mimba shaka ni hiyo hiyo. Tanzania haina sheria mahususi ya jambo hili. Uingereza inayo, ya 2008: aliyezaa ndiye mama, hata kama yai si lake, na ridhaa yake ya kumwachia mtoto haihesabiki akiitoa kabla ya wiki 6 tangu kujifungua. Hapo tunaipongeza. Lakini asipopatikana, au akiwa hana uwezo wa kuridhia, mahakama inaweza kuendelea bila ridhaa yake. Mtoto hawezi kukaa bila mlezi, tunakubali. Ila mgonjwa asiyeweza kusema hajasema ndiyo, na kambini mtoto alilelewa bila mama yake kufutwa.

Wanazuoni pia walisita. Mwaka 1984 Baraza la Fiqhi la Makkah liliruhusu mke ambebee mke mwenziwe, wote wa mume mmoja. Mwaka 1985 likaiondoa ruhusa hiyo: je, aliyebeba akishika na mimba yake mwenyewe, nani atajua yupi wa nani?

Kwa asiyejaaliwa mtoto, njia yetu ni kafala: unalea, unasomesha, unapenda, na nasaba inabaki ya wenyewe. Zayd, aliyelelewa na Mtume (s.a.w.) na kuitwa mwanawe, alirudishiwa jina la baba yake, Haritha, na akaendelea kuwa kipenzi cha nyumba ile.