Barua ya Kupangiwa Kazi

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Babati. Siku moja niliingia katika steshenari iliyo karibu na stendi ili kutoa nakala ya hati ya kiwanja, na kijana aliyesimama nyuma ya mashine akaniamkia, "Shikamoo, Dokta." Nilikuwa nimemfundisha. Alihitimu shahada ya ualimu mwaka 2018 katika masomo ya Historia na Kiswahili. Asubuhi hufundisha kwa kujitolea katika sekondari ya kata, akipewa posho inayochangwa na wazazi. Mchana huwasaidia wahitimu wenzake kupakia vyeti katika mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira. Alikuwa na ombi: nimwandikie barua ya mapendekezo, anataka kuomba shahada ya uzamili. Nikamwuliza anataka kusoma nini. "Chochote, Dokta, mradi nisikae."

Jioni nilipita kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyemaliza Mlimani mwaka 1979. Bado anaitunza barua yake ya kwanza ya kazi, imekunjwa ndani ya bahasha ya kaki. Hakuomba kazi ile, alipangiwa. Msamiati wa "kutafuta ajira", aliniambia, amejifunza kwa wanawe.

Ninataka kueleza namna tulivyotoka katika bahasha ile hadi kufika steshenari, kwa sababu mjadala wetu kuhusu wahitimu umezoea kuanza na kosa la kijana: hana ujuzi, anachagua kazi, hajiongezi. Historia inaanzia kwingine.

Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, katika jengo la TANU, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Nchi ilikuwa inapata uhuru bila wataalamu. Kwa hiyo Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza 1964, uliweka lengo la kujitosheleza kwa wataalamu ifikapo 1980, na nafasi za masomo zikagawanywa kwa kufuata hesabu hiyo. Serikali ilimlipia mwanafunzi, naye akafungwa na wajibu wa kuitumikia. Ulikuwa mkataba wenye pande mbili.

Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwamo makato makubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisa hiki husimuliwa kama funzo la unyenyekevu wa kiongozi. Mimi huwaomba wanafunzi wangu watazame jambo jingine: vijana wale waligombana na Rais kuhusu mshahara ambao walikuwa hawajaupata, na si wao wala yeye aliyekuwa na shaka kwamba wangeupata. Hata Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu, lilichukulia kwamba kazi ya kufanya ipo.

Upande mmoja wa mkataba ulianza kulegea uchumi ulipoyumba. Baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na hasa katika miaka ya 1990, ajira za serikali zilibanwa na watumishi wakapunguzwa. Sera ya Menejimenti na Ajira katika Utumishi wa Umma ya 1999 ikaweka msingi wa ushindani wa wazi. Sikatai ushindani; upangaji wa zamani nao ulikuwa na upendeleo wake. Ninachosema ni kwamba sera ile ilibaki makabatini mwa ofisi, na mzazi wa Dareda au Magugu hakuambiwa na mtu kwamba mkataba umekwisha.

Tena alikuwa na sababu ya kutoshtuka. Mkoa wa Manyara ulianzishwa 2002, Babati ikawa makao makuu, na ofisi mpya zikahitaji watumishi. Punde zikaja sekondari za kata zilizokosa walimu, na hadi katikati ya miaka ya 2010 wahitimu wa ualimu waliendelea kupangiwa vituo. Macho yetu yaliona shahada ikilipa. Ng'ombe wakauzwa. Mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichobuniwa kupokea wanafunzi 40,000. Halafu mwaka 2016 ajira mpya zikasitishwa kupisha uhakiki wa watumishi, na foleni haijapungua tangu hapo. Usaili wa walimu wa mwanzoni mwa 2025 ulikuwa na waombaji zaidi ya 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000.

"Jiajirini," tunawaambia. Kijana wa steshenari alijaribu. Mwaka 2017, akiwa bado chuoni, yeye na kaka yake walikodi shamba wakalima mbaazi, zao ambalo Babati ililisifia kwa soko la India. Agosti mwaka huo India ikaweka ukomo wa kuingiza mbaazi, bei ikaanguka, nao wakabaki na magunia. Huyu alikosa ujuzi gani?

Upande wa pili wa mkataba haukulegea. Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005, na tangu marekebisho ya sheria ya 2016 mdaiwa mwenye ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Mwaka 2021 Rais Samia aliondoa tozo ya kulinda thamani ya mkopo na adhabu ya ucheleweshaji, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini tazama kilichobaki: dola iliyokuwa ikimjua mhitimu kwa kituo chake cha kazi sasa inamjua kwa deni lake.

Nasi wahadhiri hatuna mikono safi. Nimeandika barua nyingi za mapendekezo bila kuuliza swali, na ada za uzamili zinaendesha idara zetu. Safari hii niliketi na kijana wangu tukapiga hesabu. GPA yake ni 3.4, na vyuo vikuu hutaka 3.8 ya shahada ya kwanza kwa anayetaka kufundisha. Uzamili hautaufungua mlango huo. Ada angejilipia mwenyewe, kwa posho ya wazazi na malipo ya nakala. Alikaa kimya, akauliza kama Jiografia ya ramani za kompyuta ingekuwa na afadhali. Sikuwa na takwimu za kumjibu: idara yangu haijui wahitimu wake wa miaka mitano iliyopita wako wapi. Nimeomba tuanze kuwatafuta mmoja mmoja kwa simu, tuanze na wa 2018, kabla ya kufungua udahili mwingine wa uzamili. Ombi langu liko mezani.

Barua yake nimeiandika. Hajaamua kama ataituma.