Kiwanja, Kitalu na Jiwe la Mpaka

Muulize mtu anayejenga pembezoni mwa Dar es Salaam kiwanja chake kiko wapi, naye atakwambia ushuke kituoni, upite msikiti, uangalie mwembe mkubwa. Fomu ya kibali cha ujenzi ya halmashauri inataka jibu jingine: namba ya kiwanja, kitalu, mtaa na kata.

Hapo neno la kila siku hubana maana. Mtaani, kiwanja ni ardhi yoyote tupu, hata ile iliyouzwa kwa kuhesabu hatua mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwa mpima ardhi, kiwanja ni kipande kilichokwisha kupimwa, chenye namba na mawe kwenye pembe zake.

Namba peke yake haitoshi, kwa kuwa kila kitalu huanza kuhesabu upya. Kiwanja namba 40 kinaweza kuwapo Kitalu A na Kitalu C vilevile. Neno kitalu nalipenda. Watu wa pwani waliita kitalu ule ukuta wa mawe unaozunguka ua. Wakulima wakawa na kitalu cha miche, nasi leo tuna vitalu vya uwindaji na vya gesi. Maana ya kuzungushia haijapotea: kwenye ramani ya mipango miji, kitalu ni viwanja vilivyokusanywa ndani ya mstari mmoja. Wanaosema “bloki” wanamchanganya fundi, ambaye bloki kwake ni tofali la saruji.

Kwenye “bikoni”, jina jingine la yale mawe ya kwenye pembe, sina ugomvi mkubwa, ila nasema jiwe la mpaka, maana jirani akilisikia anaelewa mara moja kwamba halihamishwi. Kulihamisha ni kosa kisheria.

Basi kabla ya kumlipa mchoraji, chukua ramani ya upimaji uende nayo kiwanjani, uyatafute mawe yote, upime kutoka jiwe hadi jiwe. Mchoraji atahesabu kutoka hapo nafasi ya kuacha kati ya ukuta na mpaka. Jiwe likiwa limesogezwa, chumba cha uani kimeingia kwa jirani. Soma pia hati: matumizi yaliyoandikwa yakiwa makazi, fremu za maduka zitahitaji kwanza kiwanja kibadilishiwe matumizi. Weka karibu risiti za kodi ya pango la ardhi. Na kama jina lililo kwenye hati bado ni la marehemu baba, anzeni na mirathi.