Jaribio la biureti na vipimo vingine vya rangi vya protini

jaribio la biureti *nm* [li-/ya-] kipimo cha kikemia kinachotambulisha protini kwa badiliko la rangi kutoka buluu hadi zambarau.

Asili ya jina. Biureti ni kampaundi ipatikanayo urea inapopashwa moto. Kampaundi hiyo si protini, wala haimo katika kitendanishi. Jina limetokana na kwamba nayo hutoa rangi ileile ikikutana na shaba katika alikali. Kwa kuwa si jina la mtu, huandikwa kwa herufi ndogo, tofauti na *jaribio la Millon*, linalokumbusha jina la mkemia Mfaransa.

Namna linavyofanyika. Katika maabara ya shule mjini Mpanda, sampuli zaweza kutoka sokoni: maharage, karanga, au dagaa wa Ziwa Tanganyika walioshushwa Karema. Sampuli husagwa, huchanganywa na maji, kisha huchujwa. Myeyusho wa sodiamu hidroksidi hutiwa kwanza, ndipo yafuate matone machache ya salfeti ya shaba, ambayo Kiswahili cha zamani hukiita *mrututu*. Zambarau ikijitokeza, protini ipo. Buluu ikibaki, haikuonekana. Jaribio hili halihitaji moto, na mrututu ukizidi, buluu yake huifunika zambarau hafifu.

Kinachopimwa. Ayoni za shaba hushikamana na vifungo vya peptidi, yaani viungo vinavyounganisha asidi amino moja na nyingine. Ili rangi itokee, molekuli yahitaji angalau vifungo viwili. Kwa hiyo asidi amino iliyo peke yake kwa kawaida haitoi zambarau. Mwanafunzi anayeandika «hakuna asidi amino» kwa sababu buluu imebaki amehukumu jambo ambalo jaribio halikuulizwa. Dagaa waliomeng'enywa hadi kuwa asidi amino tupu wangeweza kubaki buluu, ilhali lishe yao ingalipo.

Vipimo vya jirani.
- *Ninihidrini*: hutambulisha asidi amino huru kwa rangi ya zambarau inapopashwa moto. Mmenyuko wake uligunduliwa na Siegfried Ruhemann mwaka 1910. Prolini hutoa manjano.
- *Zanthoproteiki*: asidi ya nitriki kali hutoa manjano, ambayo hugeuka rangi ya machungwa alikali inapoongezwa. Huhusu asidi amino zenye pete ya benzini, hasa tirosini na triptofani. Ndiyo sababu asidi hiyo ikigusa ngozi huacha doa la manjano.
- *Millon*: hutoa wekundu palipo na tirosini. Kitendanishi chake kina zebaki, metali yenye sumu ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini Tanzania huitumia kunasa chembe za dhahabu. Kwa ajili ya sumu hiyo, jaribio la biureti ni salama zaidi kwa darasa, ingawa sodiamu hidroksidi nayo huunguza.

Matumizi.
*Zambarau* ni tunda la mzambarau. Tunda ndilo lililoipa rangi jina. Ni neno lifaalo zaidi darasani kuliko *urujuani*. Kuandika «bluu nyeusi» mahali pa *zambarau* ni kosa, kwani buluu ndiyo ishara ya kutoonekana kwa protini.

*Asidi amino* [i-/zi-] hubaki vilevile katika wingi: *asidi amino hii, asidi amino hizi*. Mpangilio *amino asidi* umefuata sintaksia ya kigeni; katika Kiswahili nomino kuu hutangulia.

*Kitendanishi* [ki-/vi-] ni kile kinachotiwa ili kuleta mmenyuko; *sampuli* ndiyo inayopimwa. Mfasiri asivichanganye.

*Matokeo chanya* yameenea katika tiba, lakini katika ripoti ya maabara ya shule ni bora kutaja kilichoonekana, kisha hitimisho.

Mifano.
*Myeyusho wa maharage uligeuka kutoka buluu hadi zambarau. Kwa hiyo una protini.*
*Rangi ya buluu haikubadilika. Kwa hiyo protini haikuonekana kwa jaribio la biureti.*

Katika sentensi ya pili, maneno *kwa jaribio la biureti* si pambo: ndiyo yanayoonyesha mpaka wa ushahidi.