Pikapu ya mazutu inakataa kuwaka: fuata umeme mbele ya kununua bateri

Mu Kamatanda, mjini Likasi, pikapu za zamani za mazutu zingali mu kazi: zinabeba mifuko ya madini, makala, unga na watu. Asubuhi gari ikikataa kuwaka, wenye gari wengi wanakimbilia bateri mpya. Lakini mara mingi bateri haina kosa. Umeme unapotelea njiani.

Kazi ya umeme

Moteri ya mazutu haina buji za kutoa cheche kama ile ya esansi. Mazutu inawaka juu ya hewa iliyobanwa mpaka kuwa moto sana. Kwa gari za zamani kama Toyota Hilux ya moteri 2L ao 3L, umeme unahitajika kwa mambo matatu: kuzungusha demareri, kupasha buji za preshofaji, na kufungua elektrovani ya pompe ya mazutu. Kwa hiyo, angalia kwanza namna gari inavyokataa.

Demareri inazunguka polepole ao inalia tu "tak"

Pima bateri ikiwa imepumzika: volti 12,6 ni nzuri, 12,2 ni karibu nusu. Kisha angalia vichwa vya bateri. Unga mweupe ao wa kijani unazuia umeme. Safisha kwa maji ya moto na brosi. Ukitoa fili za bateri, anza na ile ya masi (−), na uirudishe ya mwisho.

Masi yenyewe inasahauliwa sana. Weka ncha moja ya multimetri ku (−) ya bateri na nyingine ku chuma cha moteri, mwenzako azungushe demareri. Ikipita volti 0,5, fili ya masi imechoka ao imeota kutu. Demareri ya mazutu inakula amperi mamia, kwa hiyo hata kutu kidogo inatosha kuiangusha.

Demareri inazunguka muzuri, moteri haiwake

Fungua funguo bila kuzungusha, usikilize pompe: elektrovani inapaswa kulia "tak" moja. Ikinyamaza, pima kama umeme unaifikia. Fili iliyokatika ao fizibili iliyoungua inatosha kusimamisha gari yote.

Baridi ya Juni na Julai inaonyesha buji za preshofaji zilizokufa. Toa kile chuma kinachoziunganisha, chukua taa ya kupimia, ncha moja ku (+) ya bateri, nyingine ku kichwa cha kila buji. Taa ikiwaka, waya wa ndani ungali mzima. Isipowaka, ile buji imekufa. Mbele ya kununua, soma volti zake: kuna Land Cruiser za zamani zenye umeme wa volti 24, na buji ya volti 12 itaungua mara moja.

Bateri inakufa kila siku

Washa moteri, upime bateri tena: inapaswa kuwa kati ya volti 13,8 na 14,4. Ikibaki 12, alternateri haichaji. Anza na mukaba: umelegea? Kisha taa ya bateri mu tablo: funguo ikifunguliwa bila taa kuwaka, ampule yake inaweza kuwa imeungua, na kwa alternateri mingi ya zamani hiyo peke inazuia kuchaji.

Usitoe fili ya bateri moteri ikizunguka ili "kujaribu" alternateri. Volti inaruka na inaweza kuunguza diodi. Tena usiweke waya ao karatasi ya sigara pahali pa fizibili: fili itaungua mbele, na gari inaweza kushika moto.

Alternateri na freni

Hii madereva wengi hawaijue. Kwa Hilux nyingi za 2L na 3L, pompe inayosaidia freni imefungwa nyuma ya alternateri. Mukaba ukikatika, si kuchaji tu kunakoisha: pedali ya freni inakuwa nguvu sana, na gari yenye mzigo haisimame haraka. Taa ya bateri ikiwaka njiani, punguza mwendo na usimame pahali pazuri, mbele ya kufika ku mteremko.

Nyuma ya kutengeneza, jaribu hivi: moteri ikiwa imezimwa, kanyaga freni mara tano, ushikilie pedali, kisha uwashe. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, pompe inafanya kazi. Isiposhuka, gari isitoke.