Ndege aliruka, ndege iliruka: historia ya kitenzi kimoja

Ukiandika "ndege aliruka", msomaji wa Kiswahili ataona manyoya na mabawa. Ukiandika "ndege iliruka", ataona injini, rubani na abiria waliofunga mikanda. Jina ni lile lile, kitenzi ni kile kile, wakati uliopita ni ule ule. Kilichobadilika ni herufi moja mwanzoni mwa kitenzi, nayo ndiyo inayomtenga kiumbe na chombo.

Herufi hiyo haiji bure kwa kila mtu. Katika kata ya Tumati wilayani Mbulu, kama katika sehemu kubwa ya Mbulu na Hanang, watoto wengi hufika shuleni wakiwa na Kiiraqw cha nyumbani. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, na nomino zake zimegawanyika kwa jinsi: ya kiume, ya kike, na ya tatu isiyo kati ya hizo mbili. Ngeli ya a-/wa- kwa viumbe na ya i-/zi- kwa ndege za abiria ni mambo ambayo mtoto anayakuta darasani. Jirani yake Mdatoga anatoka katika lugha ya Kiniloti, Mnyiramba katika Kibantu, na Mhadzabe katika lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Ni sehemu chache sana za Afrika ambako familia nne za lugha zinakutana sokoni namna hii, na wote wanauziana mahindi na ng'ombe kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la nne anayesahihisha insha huku anafanya kazi nzito kuliko mwenzake wa Tanga au Unguja, na anastahili heshima zaidi kuliko anayopewa.

Kitenzi chenyewe ni kikongwe. Warundi na Wanyarwanda husema "kuguruka" kwa kile anachofanya ndege angani, na Waganda wana "kubuuka", ambalo kama letu hubeba maana mbili kwa pamoja, ile ya kwenda hewani kwa mabawa na ile ya kujirusha kwa miguu. Kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903, iliyotoka kabla nchi hii haijaona eropleni hata moja, tayari imeziweka maana hizo pamoja, na kamusi sanifu ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ikafanya vivyo hivyo. Kwa wazee wetu panzi aliruka, chura aliruka, nzige waliruka baada ya kumaliza shamba, mwewe naye aliruka. Wote waliiacha ardhi. Aliyeendelea juu zaidi akapewa neno la nyongeza: alipaa. Mimi naona huo ni utaratibu wenye akili, maana ukiangalia kuku anayekimbia gari barabarani, utashindwa kusema ni wapi kuruka kwa miguu kumekoma na kuruka kwa mabawa kumeanza.

Kisha zikaja mashine. Mwaka 1915, Waingereza walipokuwa wakiiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, ndege zao ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia kuwaelekeza wapiga mizinga, na Julai 11 mwaka huo meli hiyo ikaangamizwa. Mwaka 1932 ndege za barua na abiria za Imperial Airways zilianza kutua Moshi, Dodoma na Mbeya zikielekea Cape Town. Neno "eropleni" lilitumika kwa miaka mingi, likaandikwa vitabuni na kufundishwa, lakini watu waliamua wenyewe: kile ni ndege. Hapo ndipo sarufi ilipofanya kazi yake kimya kimya. Badala ya kuunda jina jipya, lugha ilichukua jina la kiumbe, ikalihamishia ngeli ya vitu, na kitenzi kikatoka "aliruka" kikawa "iliruka".

Uamuzi huo haukuwa mdogo, kwa sababu neno ndege lilikuwa na mizigo yake. Pwani ya zamani ndege alikuwa pia ishara ya njiani. Msafiri aliyekutana na ndege mbaya aliweza kuahirisha safari. Mtoto aliyeshikwa na homa kali akakakamaa na kupinda macho alisemwa ana degedege, na wengi waliamini kuna dege lililompitia juu. Leo tunajua kwamba mara nyingi chanzo ni malaria, lakini jina limebaki, na bado wapo wazazi wanaopoteza saa za thamani wakilitafutia dege dawa ya kienyeji kabla ya kumpeleka mtoto hospitali.

Siku moja katika historia ya kaskazini mwa Tanzania ndege hawa wawili, kiumbe na chombo, waligongana angani. Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walikuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti kutoka juu, wakitumia ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia. Januari 10, 1959, Michael aliirusha akiwa peke yake. Tumbusi, yule tai mla mizoga, akaigonga ndege hiyo bawani, nayo ikaanguka. Michael alikuwa na umri wa miaka 24. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, akazikwa kando yake. Filamu waliyoitengeneza pamoja kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na mwana hakuwapo kuipokea. Jaribu kuisimulia ajali hiyo kwa Kiswahili: ndege alikuwa akiruka, ndege ilikuwa ikiruka, ndege akaigonga ndege. Bila viambishi hivyo vidogo hakuna anayejua nani aligonga na nini kiligongwa.

Upande wa Mbulu ndege ilipata sura nyingine, ya daktari. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway, ilifunguliwa mwaka 1955, mahali ambapo mvua ikinyesha barabara hugeuka utelezi na mito ya msimu hukata njia. Miaka miwili baadaye huduma ya madaktari wa ndege, ya shirika ambalo leo ni Amref, ilianzishwa ikiwa na makao Nairobi, na mwaka 1983 padri Pat Patten akaanzisha mjini Arusha huduma ya kuwafikia wagonjwa wa vijijini kwa ndege. Haydom nayo ina uwanja wake wa ndege ndogo. Kwa mama aliyepata matatizo ya uzazi mbali na barabara, "ndege imeruka" ni habari ya uhai: imeondoka ilikokuwa, inakuja. Sijui maana nyingine ya kitenzi hiki yenye uzito kuliko hiyo.

Lakini nchi ya Wairaqw ina haki ya kujivunia pia maana ile ya miguuni. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, anajulikana zaidi kwa mbio za mita 1,500 alizokimbia Christchurch mwaka 1974 kwa rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Watu husahau kwamba medali yake ya Olimpiki aliipata kwa kuruka. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilisusia michezo ya Montreal. Moscow mwaka 1980 Bayi aliingia mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mkimbiaji wa mbio hizo huruka viunzi 28 na dimbwi la maji mara 7, na kila mruko humwibia pumzi anayoihitaji kwa mzunguko unaofuata. Bayi alikimbia kama alivyozoea, mbele ya wenzake tangu mapema, mpaka Bronisław Malinowski wa Poland alipomkamata kwenye mzunguko wa mwisho. Bayi alipata fedha. Miaka mingi imepita na Tanzania bado inahesabu medali za Olimpiki mbili tu, yake na ya Suleiman Nyambui wa mita 5,000, zote za Moscow. Moja kati ya hizo mbili, basi, ni ya mtu aliyeruka.

Nje ya uwanja kitenzi kimesambaa mpaka kwenye nafsi. Aliyepatwa na kichaa alirukwa na akili, akili imeondoka kama njiwa aliyeachiwa mlango wa tundu. Aliyekana neno lake mbele ya mashahidi aliruka kimanga. Aliyekimbia shida ndogo akaingia kubwa aliruka majivu akakanyaga moto. Mwanafunzi aliyechelewa aliruka kichurachura kuzunguka uwanja, adhabu ambayo mimi ningefurahi kuona ikibaki kamusini peke yake. Mwenye akili nyingi aliruka darasa. Mchawi, kwa wanaoamini, aliruka na ungo. Na tangu redio ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, kitenzi mwana, kurusha, kimepata kazi kubwa kuliko baba yake: matangazo yanarushwa, na aliyedhulumiwa fedha amerushwa.

Jambo moja limebaki geni. Abiria wa Kiswahili haruki. Tunasema alipanda ndege, alikwenda kwa ndege, vijana wanasema alikwea pipa. Magazeti ya michezo huandika kwamba timu imepaa, lakini mtu wa kawaida aliyetoka Kilimanjaro kwenda Mwanza hatakuambia "niliruka". Akisema hivyo utamuuliza aliruka nini. Chombo ndicho kinachoruka, mtu hubebwa, na mfasiri anayeandika "rais aliruka kwenda Addis Ababa" amefuata lugha nyingine.

Kinachonitia wasiwasi ni kuona tofauti ya "aliruka" na "iliruka" ikififia. Bara kote, na sasa hata redioni, tunasikia "ndege zinakula mtama", "ng'ombe zimepotea", "kuku zangu". Wakulima wa mtama wanapolalamika kuhusu kwelea kwelea na serikali ikatuma ndege ya kunyunyizia dawa, habari inayosema "ndege ziliruka juu ya mashamba" haimwambii msikilizaji kama waliokuja ni waharibifu wa nafaka au wasaidizi wa mkulima. Wahariri, watangazaji na walimu wa Mbulu, Hanang na kwingineko, irudisheni herufi hiyo mahali pake: kiumbe aliruka, chombo kiliruka, ndege wa angani waliruka, na ndege za abiria ziliruka.