Platinamu ya Rustenburg na Hewa ya Miji ya Mbali
Hans Merensky alipoutambua mwamba wenye platinamu kaskazini mwa Afrika Kusini mwaka 1924, mali ilikuwepo tayari ardhini. Kilichokosekana ni soko kubwa la kudumu. Soko hilo lilikuja na magari. Sheria ya hewa safi ya Marekani ya 1970 iliwabana watengenezaji wapunguze sumu ya moshi, na kuanzia magari ya 1975 vifaa vya kusafishia moshi vyenye platinamu vikaenea. Kwa hiyo nashikilia kwamba historia ya migodi ya Rustenburg, inayochimba mwamba huo, haitengani na mapafu ya wakazi wa Los Angeles.

Wapo watakaosema wenyeji nao walinufaika, wakitaja Wabafokeng, walionunua ardhi yao karne ya 19 kupitia wamishonari na mwaka 1999, baada ya kesi ndefu, wakapata mrabaha mnono wa platinamu inayochimbwa humo. Ni kweli, na ushindi ule unastahili heshima. Lakini mrabaha ule ulimfuata mwenye ardhi, si mchimbaji. Waendesha keekee, wengi wao kutoka Eastern Cape na Lesotho, waliendelea kuishi katika vibanda vya mabati. Walipogoma katika mgodi wa Marikana, karibu na Rustenburg, mwaka 2012 wakidai randi 12,500 kwa mwezi, polisi waliwaua 34 katika siku moja, tarehe 16 Agosti.