Siku 15 za Kangbayi

Alfajiri ya tarehe 20 Oktoba 2020, giza likiwa bado halijaachia mji wa Beni, mashariki mwa Kongo, watu wenye silaha walifika kwenye gereza kuu la Kangbayi na kuuvunja mlango wake. Kulipopambazuka, kati ya wafungwa 1,456 walikuwa wamebaki kama 100 tu. Meya wa mji, Modeste Bakwanamaha, aliwataja ADF, waasi wenye asili ya Uganda ambao Beni inawajua kwa mapanga yao, na kundi la Dola ya Kiislamu likajitangaza kuwa ndilo lililofanya shambulio.

Habari ilienea duniani kwa sababu ya hesabu ya waliotoroka. Mimi navutwa zaidi na hesabu nyingine, ndogo sana: wafungwa wapatao 20 walirudi wenyewe. Hawakukamatwa na askari. Walirudi kwa miguu yao kwenye gereza ambalo mlango wake ulikuwa umevunjwa.

Mtu wa Beni halioni jambo hilo kuwa fumbo. Anayetoroka gereza hujiongezea kosa jingine juu ya lile la kwanza. Na mwanaume anayeonekana barabarani bila karatasi, asubuhi baada ya ADF kupita, hapewi muda mrefu wa kujieleza. Vijana wa kartiye watamuuliza anatoka wapi, na jibu lolote laweza kumuua. Siku ile ukuta wa gereza ulikuwa salama kuliko njia ya kurudi nyumbani, iwe Mulekera, iwe Bungulu.

Lakini wengi wa watu kama hao wanaingiaje gerezani, na kwa nini wanakaa humo muda mrefu hivyo? Hapo inabidi turudi nyuma, kabla ya ADF.

Katika Kongo ya Wabelgiji mahakama zilikuwa za namna mbili. Mzungu aliyeshtakiwa alisimama mbele ya hakimu aliyesomea sheria. Mwafrika angeweza kuhukumiwa na mtawala wa teritware mwenyewe, yule yule aliyekusanya kodi na kuwatoa watu kwenda kutengeneza barabara. Dikri ya mwaka 1926 ilizipa nguvu mahakama za machifu, chini ya jicho la mtawala huyo huyo. Kiboko kilikuwa adhabu ya kawaida ndani ya magereza karibu mpaka mwisho wa ukoloni. Mwaka 1958 ndipo mfumo wa mahakama ulipounganishwa kuwa mmoja, na tarehe 6 Agosti 1959, haijafika hata mwaka mmoja kabla ya uhuru, ikaandikwa dikri ya mwenendo wa kesi za jinai. Dikri hiyo haikuzikwa pamoja na ukoloni. Pamoja na marekebisho yake, ndiyo ambayo mahakama za Kongo zimeendelea kuitumia. Magereza nayo yaliongozwa kwa zaidi ya nusu karne na amri namba 344 ya Septemba 1965.

Ndani ya dikri ya 1959 mna kipimo ambacho kila familia yenye mtu kizuizini huja kukijua: siku 15. Hakimu akikubali mshukiwa awekwe ndani akisubiri kesi, amri ya kwanza ni ya siku 15. Baada ya hapo huongezwa mwezi, kisha mwezi mwingine, kwa mipaka iliyowekwa. Katiba ya mwaka 2006 ilikazia zaidi: polisi wasimshikilie mtu zaidi ya saa 48, na uhuru uwe ndiyo kanuni, kizuizi kiwe nadra. Anayesoma maneno hayo angedhani buloko, yaani vizuizi, za Beni ni mahali pa kupitia tu.

Sivyo. Kuongeza muda kunahitaji hakimu aliyepo, faili lililofika, mfungwa aliyesafirishwa, na ushahidi uliokusanywa kwenye njia ambazo hata jeshi huziogopa. Kimoja kikikosekana, mtu hubaki ndani. Karatasi yake imekwisha muda lakini yeye hatoki. Huko ndani serikali haimlishi vya kutosha, hivyo mama au dada hupeleka ugali na sombe mlangoni, na asiye na ndugu karibu hutegemea makanisa na huruma ya wenzake. Utaratibu wa ndani hushikwa na kapita, mfungwa aliyewekwa kuongoza wafungwa. Katika hali hiyo aliyehukumiwa na asiyehukumiwa hulala sakafu moja.

Ugonjwa huu si wa Kongo peke yake. Marekani, nchi inayofunga watu karibu milioni 2, ina zaidi ya watu 400,000 walio ndani bila kuhukumiwa, na wengi wao wamekwama kwa kukosa pesa za dhamana. Mwaka 2010 kijana wa Bronx mwenye miaka 16, Kalief Browder, alishtakiwa kuiba begi. Dhamana ilikuwa dola 3,000, na familia yake haikuwa nazo. Alikaa kwenye gereza la Rikers Island karibu miaka mitatu, sehemu kubwa akiwa peke yake kwenye chumba cha kutengwa, kisha mashtaka yakafutwa. Alijiua mwaka 2015. Septemba 2023 Illinois ikawa jimbo la kwanza kufuta kabisa dhamana ya pesa. Kule kinachomzuia mtu ni pesa. Huku Beni kinachomzuia ni hakimu asiyefika na vita visivyokwisha.

Vita ndivyo vilivyoipeleka haki ya Beni mikononi mwa wanajeshi. Tarehe 2 Januari 2014 Kanali Mamadou Ndala, shujaa wa vita dhidi ya waasi wa M23, aliuawa Ngadi, karibu na mji. Oktoba mwaka huo mahakama ya kijeshi ilianza kusikiliza kesi ya mauaji yake hapo hapo Beni, na watu wakaifuata kwa hamu kubwa, kwa kuwa safari hii maofisa walikuwa wanaulizwa mbele ya raia. Wakati mahakama ikiendelea kuketi, mauaji ya raia yakaanza kuuzunguka mji. Katikati ya Oktoba wauaji waliingia Ngadi ile ile, wakachinja watu zaidi ya 20 huko na kijiji jirani. Hukumu ilitoka Novemba 17, na luteni kanali mmoja wa jeshi la taifa akahukumiwa kifo. Adhabu hiyo haikutekelezwa, maana tangu 2003 Kongo ilikuwa imesimamisha unyongaji. Usimamishaji huo uliondolewa Machi 2024.

Kila msako ulileta watu wapya gerezani: mpiganaji, mchukuzi wake, mkulima aliyekutwa shambani wakati mbaya. Tarehe 11 Juni 2017 Kangbayi ilivamiwa kwa mara ya kwanza, wakatoroka 935 kati ya 966, na watu 11 wakafa, wengi wao walinzi. Gereza lilijazwa upya. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2020, likafunguliwa tena kwa nguvu, nalo likajazwa tena.

Kisha, tarehe 6 Mei 2021, Rais Félix Tshisekedi akayaweka majimbo ya Kivu Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi. Kiti cha umeya wa Beni kikakaliwa na ofisa wa polisi. Kwa kutumia kifungu cha 156 cha Katiba, kesi za jinai za raia zilihamishiwa mahakama za kijeshi. Mwizi wa kuku na mshukiwa wa ADF wakajikuta wakisubiri oditora mmoja, yaani mwendesha mashtaka wa kijeshi, mbele ya mahakimu wachache ambao hata kabla ya hapo walikuwa wamezidiwa na kesi za askari. Nadhani hapa ndipo kosa kubwa lilipofanyika. Jeshi lilipewa kazi ya kuharakisha haki, nalo halikuwa na watu wa kuifanya. Usiku wa kuamkia 10 Agosti 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, gereza la Butembo: polisi wawili waliuawa, wakatoroka zaidi ya watu 800.

Utawala ule wa kijeshi ulitangazwa kwa siku 30. Baada ya hapo Katiba inaruhusu kuurefusha kwa siku 15 kila mara, kwa idhini ya Bunge, na Bunge likaurefusha mara baada ya mara, zaidi ya mara 100. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, ofisi za serikali ya jimbo zilihamia Beni, mji mmoja na Kangbayi. Gavana wa kijeshi sasa anatawala kutoka hapo, kwa amri zinazokwisha muda kila baada ya siku 15.